JM Kariuki: Kila Mtu Anajua Vile Alikufa. Wacha Tuongee Vile Alifanyia Watu wa Ocha Yake Kazi

Ukishukia Kencom uangalie juu, utaona ule mnara wa duara wa Hilton. Hoteli yenyewe ilifungwa 2022, lakini bado tunaambiana tupatane Hilton, na kila mtu anajua ni wapi.

Sasa rudi nyuma. Jumapili, 2 Machi 1975, mbunge mmoja alionekana akitoka kwa hiyo hoteli akiwa na maafisa wa polisi. Hakurudi nyumbani tena.

Huyo ni Josiah Mwangi Kariuki, wengi wanamwita tu JM. Hiyo sehemu ya Hilton na Ngong pengine ulishaisikia kwa mzae wako au kwa tichee wa historia. Shida ni moja: tumemjua JM kwa kifo chake pekee. Uliza msee yeyote wa miaka 22 huyu buda alifanya nini akiwa hai, hadi watu wa mashinani wakampenda hivyo, uone vile atakwama.

Leo tunaanzia hapo. Na ukifika mwisho, utaona hii stori inakuhusu wewe na mbunge wako wa sasa.

Mtoto wa skwota

JM alizaliwa 21 Machi 1929, pale Kabati-ini upande wa Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, wakaingia Bonde la Ufa kutafuta mahali pa kulima.

Walichopata kilikuwa maisha ya skwota. Kama hujui hiyo mambo ilikuwa aje, iko hivi: unafanyia mzungu kazi kwa shamba lake, na yeye anakuruhusu ulime kakipande na ufuge mifugo kidogo. Shamba si lako, nyumba si yako, na siku mzungu akiamka vibaya unafungasha virago na watoto wako.

Shule nayo ilikuwa ya kusuasua. Karo ikiisha, anatoka. Ikipatikana, anarudi. Na hapa kuna kitu kitakushangaza: kuna wakati alirudi shule na pesa aliyoshinda kwa kubeti farasi. Tafadhali usichukue hii kama ruhusa ya kuweka fare yako kwa jackpot. Lakini inakuonyesha mtoto wa skwota alikuwa na njia ngapi za kusoma. Chache sana.

Alipambana hadi akafika King's College Budo, Uganda, moja ya shule zilizokuwa na jina kubwa Afrika Mashariki. Alirudi Kenya Oktoba 1952, mwezi uleule serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari.

Hakukaa pembeni. Aliingia kwa harakati za Mau Mau, na 1953 akashikwa. Alikaa kizuizini miaka saba, akihamishwa kambi moja hadi nyingine, Manyani ikiwa mojawapo. Alipigwa, akalala njaa, akatoka 1960 bado akiwa na msimamo uleule.

Baadaye aliandika hayo yote kwa kitabu, Mau Mau Detainee, kilichotoka 1963. Wakati huo wazungu ndio walikuwa wanaandika karibu kila kitu kuhusu Mau Mau. Yeye aliandika kama mtu aliyekuwa ndani ya seng'enge.

Alipotoka alianza kujenga KANU kule Nyeri, akawa karibu sana na Mzee Kenyatta, hadi akawa karani wake binafsi. Na 1963, mwaka wa uhuru, akaingia bungeni. Tangu hapo hadi kifo chake aliwakilisha watu wa upande wa Nyandarua, na kuanzia 1969 eneo lake likaitwa Nyandarua Kaskazini.

Eneo lenyewe lilikuwa aje?

Ukitaka kuelewa kazi ya JM, lazima kwanza uelewe Nyandarua ya wakati huo.

Leo ukisikia Nyandarua unafikiria viazi, kabeji, maziwa na baridi ya kukata masikio. Kabla ya uhuru, hiyo ilikuwa sehemu ya ile ardhi iliyotengewa wazungu. Mtu mweusi alikuwa huko kama mfanyakazi tu.

Uhuru ulipokaribia, serikali ilianza mpango wa kununua mashamba kutoka kwa wazungu na kuyagawa. Ni ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, na karibu familia 35,000 zilipewa makao chini yake katika sehemu tofauti za nchi. Nyandarua ilikuwa kati ya maeneo yaliyopokea watu wengi zaidi.

Lakini hakukuwa na kitu cha bure. Pesa za kununua mashamba zilikuwa mkopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia, na mkulima aliyepewa kipande ndiye alitakiwa kulipa, mwaka baada ya mwaka. Fikiria umetoka kizuizini, huna kitu, umepewa ekari chache, na kabla hujavuna gunia la kwanza la viazi tayari uko na deni.

Sasa ongeza hii. Shamba lililokuwa la familia moja ya mzungu ghafla lina familia nyingi, kila moja na watoto wake. Yule mzungu alikuwa na gari, watoto wake walisoma shule za bweni mbali, na akiugua alipelekwa mjini. Hakuhitaji shule ya msingi pale karibu, wala zahanati, wala bomba la maji la kijiji.

Hawa wapya walihitaji hivyo vyote, na walivihitaji jana.

Serikali changa haikuwa na doh ya kutosha kila mahali. Jibu lake likawa neno moja ambalo hata wewe umekua ukilisikia: harambee.

Harambee ya enzi hizo, vile ilikuwa inaendeshwa

Usifikirie zile za siku hizi, mheshimiwa anatua na chopper na bahasha ya kaki.

Watu wa kijiji wanaamua wanataka shule. Wanachagua kamati. Mtu anatoa kipande cha shamba. Wamama wanabeba mawe na maji, vijana wanachimba msingi, fundi analipwa kidogo kidogo. Halafu siku inapangwa, mgeni wa heshima anaitwa, na watu wanachanga. Asiye na pesa analeta kuku, mayai au kondoo, na kila kitu kinapigwa mnada palepale.

Matumaini yalikuwa kwamba mkishamaliza madarasa, serikali itawaletea walimu na kuwalipa. Shule nyingi za sekondari za mashambani miaka ya 60 na 70 zilianza hivyo. Zahanati pia, na mabwawa ya kuogeshea ng'ombe, na hata makanisa.

Kuna mambo mawili ya kushika hapo. Kwanza, mgeni wa heshima ndiye alikuwa anaamua kama siku itakuwa fiti ama itakuwa aibu. Kijiji chenye mgeni mzito kilipata paa la mabati. Kijiji bila mtu wa maana kilibaki na kuta.

Pili, mkutano wa harambee ulihitaji laiseni kutoka kwa serikali. Hilo la laiseni liweke akilini, tutalirudia.

Hapo ndipo JM aliingia

JM alikuwa mgeni wa heshima ambaye kila kamati ilimtaka.

Alichanga shule, akachanga hospitali, akachanga makanisa. Na hakufunga mkono wake kwa mipaka ya Nyandarua. Alialikwa pembe nyingi za Kenya, kwa jamii ambazo hazikuwa na kura hata moja ya kumpa, na akaenda. Kwa nchi iliyokuwa tayari imeanza kuhesabiana kwa kabila, hilo watu waliliona na hawakulisahau.

Kwa mtu wa Nyandarua, mbunge wa aina hiyo alikuwa na maana ya kushikika. Mtoto anatembea kilomita chache kufika darasani badala ya nyingi. Mama mjamzito ana mahali pa kukimbilia kabla mvua iharibu barabara, na barabara za huko mvua ikinyesha zinageuka uji.

Pia alijua kusikiza. Alikuwa ametoka palepale walipotoka: mtoto wa skwota, mfungwa wa kambi. Mkulima akimweleza kuhusu deni la shamba, JM hakuhitaji kutafsiriwa.

Serikalini nako hakuwa mtu mdogo. Aliwahi kuwa waziri msaidizi, na alikuwa na mlango wa kufika hadi kwa Mzee mwenyewe. Kwa mbunge wa mashinani, huo mlango ulikuwa na thamani kuliko hotuba kumi.

Lakini tusimfanye malaika

Hapa lazima tuwe wakweli. JM alikuwa tajiri. Aliishi maisha ya sonko: alikuwa na shamba kubwa Gilgil, alipenda mbio za farasi na alimiliki farasi wa mashindano. Aliomoka akiwa ndani ya mfumo uleule aliokuja kuukosoa.

Maadui wake walimrushia hilo kila siku, na si uongo. Msee anawezaje kulia kuhusu maskini huku farasi wake wanakula vizuri kuliko hao maskini?

Swali ni halali. Lakini angalia alichofanya na hiyo nafasi. Angeweza kuchanga kimya kimya, apigiwe makofi, arudi Gilgil kulala. Wengi walifanya hivyo na wakazeeka vizuri.

Yeye alianza kuuliza kwa sauti kwa nini kuna watu wa kuchangiwa kwanza. Aliuliza mashamba makubwa yameenda kwa nani. Alisema waliopigania ardhi wamebaki bila ardhi, wakati waliokuwa karibu na mamlaka wanaongeza ekari. Alionya kwamba Kenya inaelekea kuwa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, na hiyo kauli ikashika hadi leo watu wanaitumia bila kujua ilitoka wapi.

Unaona mabadiliko hapo? Mbunge anayechanga ni rafiki wa kila mtu. Mbunge anayechanga halafu anauliza kwa nini mnahitaji kuchangiwa, huyo ni tishio.

Sasa ile laiseni

Kumbuka nilikwambia uiweke akilini. Kufikia miaka ya mwanzo ya 70, mikutano ya JM ilianza kunyimwa vibali. Anaalikwa harambee mahali, watu wanajipanga, halafu serikali ya mkoa inasema hakuna mkutano.

Elewa maana yake mashinani. Aliyeumia hapo hakuwa JM peke yake. Ilikuwa ile kamati iliyokuwa imeshachimba msingi. Ilikuwa wale watoto waliokuwa wanangoja paa. Ofisa mmoja anakataa kuweka sahihi kwa karatasi moja, na shule inasimama.

Manze, hiyo ndiyo ilikuwa noma ya huo mfumo wote. Kama huduma zenu zinategemea mkono wa mtu mmoja, yeyote anayetaka kuwaumiza anahitaji tu kuufunga huo mkono. Na JM, pamoja na roho yake yote nzuri, alikuwa sehemu ya huo mfumo. Alitoa sana, lakini kutoa kwake hakukuwa sheria. Hakukuwa na karatasi popote iliyosema mtoto wa Nyandarua anastahili darasa, JM awepo ama asiwepo.

Ni kweli kuanzia 1974 serikali iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, baada ya Mzee Kenyatta kutangaza hivyo Desemba 1973. Watoto walimiminika shuleni. Lakini madarasa hayakuwa yametosha, na shule nyingi zikaanza kuitisha wazazi pesa za ujenzi. Mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine ukafungwa.

Kura ya 1974

Oktoba 1974 uchaguzi mkuu ukafika. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, kwa sababu KPU ilikuwa imepigwa marufuku 1969. Kwa hivyo ushindani wote ulikuwa kati ya watu wa KANU wenyewe.

JM aliingia kwa hizo kura akiwa amefungiwa njia. Kufanya mikutano ya kampeni ilikuwa shida kubwa. Kwa mwanasiasa wa kawaida hiyo ni kifo, kwa sababu usipoonekana unasahaulika.

Watu wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha bungeni kwa kura nyingi.

Fikiria hapo kidogo. Hakuna mikutano ya maana, serikali haimtaki, na bado watu wanapanga foleni kwa baridi ya Nyandarua kumpigia kura. Hawakuhitaji kusikia ahadi. Walikuwa wanapita karibu na kazi yake wakienda kupiga kura.

Pengine huo ushindi ndio uliwaogopesha wazito kuliko maneno yake yote.

Machi 1975

Mwanzo wa 1975, Nairobi ilikuwa na milipuko ya mabomu. Mbaya zaidi ilikuwa Jumamosi 1 Machi, pale OTC, stage unayoijua hadi leo. Watu 27 walikufa.

Kesho yake ndiyo hiyo Jumapili ya Hilton.

Siku zikapita, JM haonekani. Gazeti likaandika ati yuko Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umeshapatikana na mchungaji Mmaasai kule Ngong, ukapelekwa mochari ya City kama mwili usiojulikana. Ni 11 Machi ndipo familia yake iliutambua. Alikuwa na miaka 45.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, mwenyekiti akiwa Elijah Mwangale. Ripoti ilipofika Juni, majina mawili ya watu wa karibu na ikulu yalikuwa yametolewa kabla haijawekwa mezani. Hata hivyo wabunge waliipitisha, japo serikali ilipambana iangushwe. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura kuiunga mkono na akafutwa kazi.

Hadi leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya kumuua JM.

Alizikwa kwake Gilgil.

Imebaki nini?

Ukienda Ol Kalou leo, makao makuu ya kaunti ya Nyandarua, hospitali kubwa ya pale inaitwa JM Kariuki. Wagonjwa wengi wanaopanga foleni hapo walizaliwa miaka mingi baada yake. Wanaenda kutafuta dawa, si historia. Lakini jina liko mlangoni.

Na ule mfumo aliouacha? Umebadilika, angalau kwa karatasi. Mwaka wa 2003 bunge lilipitisha sheria ya CDF, na sasa kila eneo bunge lina pesa zake kutoka kwa bajeti. Kuanzia 2013, hospitali kama hiyo ya Ol Kalou ziko chini ya kaunti. Maana yake, darasa na zahanati si zawadi tena ya mheshimiwa mwenye roho safi. Ni haki yako, na ni kodi yako.

Lakini mazoea hayafi haraka. Bado mbunge anazindua darasa la CDF na picha yake imechorwa ukutani kama vile alitoa doh mfukoni. Bado tunapiga makofi. Ilibidi Gen Z waingie barabarani 2024 ndipo, mwezi wa Julai, Rais Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Hilo ni swali ambalo JM alilichokoza nusu karne mapema: hizo pesa zinatoka wapi, na kwa nini watu bado wanahitaji kuchangiwa?

Kwa hivyo ukienda ocha mwezi ujao, fanya hivi. Pita kwa shule ya msingi ya pale kwenu. Hesabu madarasa. Pita kwa zahanati, uliza kama kuna dawa. Halafu uliza kamati ya CDF mwaka huu imetenga pesa ngapi, na zimeenda wapi. Hizo rekodi si siri, uko na haki ya kuziitisha.

Watu wa Nyandarua walikuwa na mbunge mmoja mzuri, na walipompoteza walipoteza karibu kila kitu alichokuwa anawaletea. Wewe leo una kitu ambacho hawakuwa nacho: sheria inayosema hiyo pesa ni yako, mbunge awe mzuri ama awe mbaya.

Je, unajua yako iko wapi?